Dakika Nne za Kusimama

Karakana, Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Huku wote tunapumua. Wifi yako kiuno kinamsumbua, milango minane inasubiri rangi, na mimi nimekasirika. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu, ila nimelipanga nyuma ya kiuno cha wifi yako, ndiyo adabu ya barua.

Usinipigie simu. Hii niliyo nayo inakwaruza, haifai. Niandikie.

Kanisa letu unalijua. Madirisha yake yote kumi na mawili nimeyachomelea mimi, na lango, na ule ubao wa chuma wa kuning'inizia namba za nyimbo. Miaka thelathini na moja naabudu pale. Nilifika mji huu na nyundo ya kuazima, sikuwa na mjomba wala shangazi wa kunishika mkono, na kanisa lile ndilo lililokuwa la kwanza kuniita kwa heshima. Miaka kumi na minne sasa mimi ni mzee wa kanisa. Mambo hayo siyasemi kujisifu, nayasema yahesabiwe.

Tangu Januari Mchungaji mpya katuletea kitu kinaitwa kipindi cha sifa. Spika nne, kila moja kama kabati la nguo. Vijana sita mbele, kila mmoja na maiki yake, kana kwamba wamegombana na hawataki kuchangia. Jana nimewapima: dakika arobaini na saba, nyimbo nne. Gawanya mwenyewe. Wimbo mmoja una mistari mitatu na wameurudia mara kumi na saba. Mungu wetu si kiziwi!

Zamani ulikuwa unaingia, unatazama ubao, unaona namba tatu, unafungua kitabu, unajua uko wapi. Wimbo, maungamo, somo, wimbo, Kanuni ya Imani, mahubiri. Ningeweza kuabudu nimefumba macho. Sasa kitabu hakuna. Wanasimama wakijisikia, wanaketi wakichoka, wanalia, wanaruka, na mtu mzima kama mimi nageuza shingo kuangalia jirani anafanya nini, kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Hapa karakana tunaomba kila asubuhi saa moja na nusu, mafundi sita na mimi. Baba Yetu, sekunde thelathini na mbili, halafu kazi. Hiyo ndiyo ibada. Fupi, imenyooka, ina mwanzo na mwisho.

Nimeandika barua ya kujiuzulu uzee wa kanisa. Iko kwenye droo ya misumari. Baraza linakaa Jumamosi, tarehe 5 Aprili. Kitabu na ubao visiporudi, naitoa, na nyuma yangu zitatoka kaya tisa, watu thelathini na wanane. Wewe ndiye mwimbaji wa ukoo, na huko kwenu mnaabudu hivyo hivyo kwa kurukaruka. Niambie kama nimekosea.

Kaka yako,
Rula


Wodini, Jumatatu, 10 Machi

Kaka Rula, shikamoo.

Nimeisoma barua yako wakati wa chai na muuguzi mwenzangu akaniuliza nani amefariki, kwa jinsi nilivyokunja uso. Nikamwambia hajafa mtu, kaka yangu amepima wimbo kwa futi.

Simu ya tatu hii inakwaruza, kaka. Una bahati mbaya na simu, au simu ndizo zenye bahati mbaya na wewe?

Sasa nikujibu. Wimbo haupimwi kama fremu ya mlango. Unarudiwa kwa sababu moyo ni mzito wa kuelewa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia "fua sare" mara kumi na saba ndipo nifue, na sikuandika barua ya kujiuzulu udada. Nina mama mmoja hapa wodini ameungua mguu. Kila asubuhi nikimbadilishia bendeji anaimba mstari mmoja, huo huo, tangu naanza hadi namaliza. Hana kitabu wala namba. Ungemwona, ungeficha saa yako mfukoni.

Na hao mafundi wako wa sekunde thelathini na mbili, una hakika wanamwomba Mungu? Au wanakuomba wewe usiwafukuze?

Nakuomba jambo moja. Najua unaketi safu ya tisa karibu na mlango, umeketi pale tangu sijabalehe. Jumapili ijayo keti safu ya kwanza. Watazame hao vijana usoni wakiimba. Ukitoka hapo ukiwa bado na hasira, barua yako ya kujiuzulu nitaiandika upya mimi, maana mwandiko wako unatia aibu.

Msalimie wifi. Mwambie asiiname kuokota vitu, akunje magoti.

Wako,
Kasuku


Karakana, Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Nilikutii. Na nimeshinda!

Niliketi safu ya kwanza, mita mbili kutoka kwenye spika. Vijana niliwatazama usoni kama ulivyosema. Yule binti kiongozi wao anafumba macho akiimba, kwa hiyo kumtazama usoni ni kama kutazama mlango uliofungwa. Lakini sikiliza kilichofuata.

Utaratibu wao mpya nimeukamata kwa hesabu: nyimbo nne, halafu Mchungaji anasema maneno, halafu tunasimama kwa Kanuni ya Imani. Hicho ndicho kitu pekee cha zamani walichotuachia. Jana wimbo wa nne ulipokwisha, Mchungaji akasema maneno yake, akanyamaza. Nikasimama. Nikaanza kuisema Imani kimoyomoyo, macho mbele. Nilipofika katikati nikahisi kitu hakiko sawa, nikageuka. Kanisa zima limeketi! Watu kama mia mbili na kumi, wametulia kwenye mabenchi, wananitazama.

Nikasema, basi, leo mtanijua. Kama Kanuni ya Imani nayo imekuwa ya kusikilizwa mmeketi kama mko kwa kinyozi, mimi nitasimama. Nikakaza magoti. Dakika nne kwa saa yangu, peke yangu. Mchungaji akashuka mwenyewe. Machozi yanamlengalenga. Akaniwekea mkono begani, kisha kichwani, akaomba. Sijawahi kuona mtu akishindwa hoja kwa unyenyekevu namna ile.

Tangu jana wananishika mkono kwa mikono miwili. Mwenye duka la rangi, ambaye tumenuniana tangu aliponiuzia rangi iliyobanduka, kanikumbatia mbele za watu. Jioni wazee wawili wakaja nyumbani, wakaketi saa moja na dakika kumi. Hawakusema mengi, walikuwa wakimtazama wifi yako kwa upole, na mmoja hakuacha kuangalia kabati la vyombo. Nadhani wanaona haya kwa yote yaliyotokea tangu Januari.

Wifi yako tu ndiye haongei. Kiuno.

Jambo jingine. Leo asubuhi Baba Yetu imechukua sekunde ishirini na moja. Ijumaa pia ishirini na moja. Zimepotea sekunde kumi na moja za sala ndani ya karakana yangu, na nikimtazama fundi anatazama viatu. Nitachunguza.

Kaka yako,
Rula


Nyumbani, Jumatano, 19 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Naandika hii juu ya cherehani, kaka yako akidhani napima kitambaa.

Kaka yako hasikii. Watu wanadhani hataki kusikia. Hasikii. Sikio la kushoto limekufa mwaka wa nne huu, la kulia linamegeka kila mwezi. Miaka yote ile ya kukata chuma bila kuziba masikio, ulitarajia nini. Nikimwita kutoka jikoni hageuki, nikigonga sakafu kwa mwiko anageuka. Ukimsemesha anakutazama mdomo, na kabla hujamaliza anajibu kile anachodhani umesema. Watu wanasema ana kiburi. Nimewaacha waseme, maana kiburi anakiweza, uziwi hauwezi.

Kule safu ya tisa alikuwa anafuata migongo ya watu. Wakisimama anasimama, wakiketi anaketi. Safu ya kwanza ulimpeleka wewe, wifi. Huko hakuna mgongo wa kufuata. Silaumu, hukujua.

Sasa shika moyo. Jumapili Mchungaji alisema hivi: "Aliye hapa anayetaka kuombewa aachane na pombe, asimame pale alipo, asione aibu." Akangoja. Kaka yako akasimama. Peke yake. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi anainusa kwanza! Mimi nilikuwa upande wa kina mama, nikampungia, nikakohoa, kukohoa kwangu ni bure. Akageuka, akatutazama wote kwa dharau, akazidi kunyooka. Kina mama wakaanza kulia kwa furaha. Aliyeketi kando yangu akanifinya paja: "Mungu amejibu, mama." Amejibu nini, na mimi sikuuliza?

Wale wazee walikuja kutafuta chupa. Baraza la tarehe 5 halitazungumzia nyimbo, litamwondoa kwenye zamu ya kuongoza sala mpaka apone. Wamenitumia mtu kuniuliza huwa anaanza kunywa saa ngapi.

Mwambie wewe. Nikimwambia mimi atanitazama mdomo nusu, nusu nyingine atajijazia. Kwenye karatasi hawezi kunikatiza. Na mafundi wake wanaruka maneno katikati ya sala kwa sababu wanajua hasikii. Anajua, wifi. Anajua na hajui.

Ni mimi,
wifi yako


Wodini, Jumatatu, 24 Machi

Kaka, shikamoo.

Keti kwanza. Kama kuna mashine inawaka, izime.

Ile Jumapili watu hawakukaa wakati wa Kanuni ya Imani. Haikuwa Kanuni ya Imani. Mchungaji aliwaita wanaotaka kuombewa waache pombe, na wewe ukasimama. Hiyo mikono miwili, hilo kumbatio la mwenye duka la rangi, ile saa moja na dakika kumi ya kuangalia kabati, vyote ni vya mlevi aliyetubu. Tarehe 5 wanataka kukuondoa kwenye zamu ya sala.

Na ulisimama kwa sababu hukumsikia. Kaka, husikii. Si simu zinazokwaruza. Nafanya kazi na wagonjwa miaka kumi na tisa na sikuona, nilikuwa nacheka tu na mambo ya futi. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekutoa safu ya tisa.

Sikuachi na lako peke yake, nakupa na langu. Unaniita mwimbaji wa ukoo. Tangu Novemba sijaimba. Naenda, nasimama na wenzangu mbele, nainua mikono, nafungua mdomo, sauti haitoki. Maiki imezimwa na mimi ndiye naizima. Hakuna aliyegundua, kelele zinatosha. Halafu Jumatatu nakuja wodini, na yule mama wa mguu akianza mstari wake nataka kumwambia anyamaze. Wiki iliyopita nilimwambia. Alinyamaza. Sasa namfunga bendeji kimya na sijui nimrudishie vipi wimbo wake.

Kwa hiyo usidhani nakuhubiria kutoka juu.

Waambie baraza ukweli. Hapa hospitali wapo wanaopima masikio, si lazima mtu akae hivyo hivyo. Njoo.

Kasuku


Karakana, Ijumaa, 28 Machi

Kasuku,

Barua nimeipata. Aliyekupa habari namjua, anagonga sakafu kwa mwiko.

Nasikia. Nilitaka kukuandikia neno hilo moja tu na kufunga bahasha. Lakini mimi kitu sikisemi bila kupima. Leo nimefika kabla ya mafundi, nikaufunga mlango. Nikapanga nyundo tano mezani, kutoka ndogo hadi ile ya kilo nne, nikazipa mgongo, nikawa nazisukuma nyuma moja moja zianguke sakafuni. Tano zilianguka. Nilisikia mbili. Na moja kati ya hizo nadhani niliisikia kwa miguu.

Basi nimejua. Sasa na wewe sikiliza hesabu yangu. Mlevi anaombewa, anashuhudia, anapigiwa makofi, baada ya miezi sita anarudishiwa kiti chake. Kiziwi anaonewa huruma mpaka kaburini. Nani atampa kiziwi kazi ya lango? Atakwambia upana, utasikia urefu. Nilianza na nyundo ya kuazima, sitamaliza na watu wakinipigia kelele usoni kama mtoto mchanga, wakitanua midomo.

Waache waniite mlevi. Tarehe 5 natoa barua yangu ya kujiuzulu na kuondoka kimya. Hizo kaya tisa zibaki, siwezi kumwambia mtu anifuate nisikokusikia.

Usiniandikie tena kuhusu hili. Na huyo mama wa mguu, mwombe radhi. Kumnyamazisha mgonjwa!

Rula


Wodini, Jumatatu, 31 Machi

Kaka,

Umenikataza kuandika, naandika. Nampa barua hii dereva anayekuja huko leo, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Hesabu yako ina mtu umemsahau. Mlevi ana mke. Wewe utapigiwa makofi, yeye atatazamwa mikono kama ina alama. Wamemtuma mtu amwulize unaanza kunywa saa ngapi. Umewahi kumwuliza alijibu nini?

Mwulize. Umtazame mdomo mpaka amalize.

Mama wa mguu nimemwomba radhi. Kaniambia, "Nilikuwa nikiimba ili nisikupige teke, mwanangu." Tukacheka hadi akaja daktari.

Kasuku


Karakana, Jumatatu, 7 Aprili

Mdogo wangu Kasuku,

Nilimwuliza. Nikakaa mbele yake, nikamtazama mpaka mdomo ukafunga. Alimjibu yule mjumbe hivi: "Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, anakunywa chai, na akiongeza kikombe cha pili nitakuja kukushitakia." Halafu akalia. Miaka minne, Kasuku, mwanamke huyu amekuwa akigonga sakafu na mimi nikijidanganya ni panya wanamkera.

Jumamosi nikaenda naye. Wazee tisa mezani, mwenye duka la rangi akiwa mmoja wao, Mchungaji, na yule binti wa sifa aliyeitwa kuja kunitia moyo. Mwenyekiti akaanza kufungua mdomo kwa huruma, nikainua mkono. Nikasema: "Mimi si mlevi. Mimi ni kiziwi. Nilidhani ni Kanuni ya Imani." Kukawa kimya. Au kwangu kukawa kimya, siwezi kuapa.

Halafu nikaona mabega ya mwenye duka la rangi yanatikisika. Akawa wa kwanza. Wakafuata wote, Mchungaji kajifunika uso kwa Biblia, na wifi yako kashika kiuno. Nikawa wa mwisho kucheka. Mwenye duka akaja akaniandikia kwenye kiganja changu kwa kalamu: RANGI ILIKUWA MBOVU KWELI. Huyo naye alikuwa na lake la kutubu.

Usidhani nimeyafuta malalamiko yangu. Niliwaambia nyimbo ni ndefu kwa mwenye masikio na kwa asiye nayo, na wameandika kwenye kumbukumbu. Ubao haurudi. Kitabu kinarudi, Jumapili moja kati ya mbili. Nimepata nusu, na kwa mtu aliyekuwa amekwisha fungasha, nusu si haba. Barua ya kujiuzulu nilirudi nayo mfukoni, wifi yako akaifua pamoja na suruali. Anasema ni bahati mbaya.

Yule binti aliniuliza kwa kuandika: "Mzee, ungependa tukufanyie nini?" Nikamwambia aniandikie utaratibu wa Jumapili kwenye karatasi. Akasema wenyewe hawaujui, wanafuata Roho. Nikamwambia Roho aliyeumba ulimwengu kwa siku sita zilizopangwa hawezi kukasirikia karatasi. Jana asubuhi akaniletea: wimbo, wimbo, wimbo, sala, halafu mistari mitatu mitupu. Chini kaandika, "Hapa hatujui, mzee, tutakwenda pamoja." Niliitazama hiyo mistari mitupu zaidi kuliko nilivyomtazama mhubiri. Imenikera. Bado inanikera. Nimeikunja nikaiweka mfukoni mwa shati.

Mafundi nao nimewaambia. Leo Baba Yetu imekwenda sekunde thelathini na tano, tatu zaidi ya kawaida. Kuna aliyeongeza lake, sijauliza ni nani.

Nitakuja tarehe 22 kupimwa. Jumapili yake nipeleke kanisani kwenu. Uiwashe maiki au usiiwashe, utakavyoona, ila ukitaka kuanza tena kuimba, anzia kando yangu. Kwa masikio haya hakuna utakachokosea.

Lililobaki ni la jana. Zamu ya sala ilikuwa yangu na hawakuniondoa. Nikasimama mbele, nikaomba kwa sauti nisiyojua ukubwa wake, wifi yako anasema ilitosha kanisa na nusu ya barabara. Nilikuwa naogopa mwisho. Mtu akisema Amina anategemea kurudishiwa, na mimi sitasikia kinachorudi. Kisha nikajiambia: Mungu sijawahi kumsikia hata masikio yakiwa mazima, na sikumwandikia barua ya kujiuzulu. Nikasema Amina, nikafumbua macho, nikahesabu midomo. Safu tatu za mbele, watu ishirini na saba. Midomo ishirini na minne ilifunguka.

Wale watatu nimewaona. Jumapili nitaongeza sauti.

Kaka yako,
Rula